Alama Saba za Mgongo

Jumatatu, 4 Oktoba 2004. Nachingwea.
Nimekwisha! Mzee Awadhi, mwenye banda letu la kubangua korosho, ametangaza kwamba Alhamisi anakuja mtaalamu kutoka Dar. Atapima jinsi wabanguaji wanavyokaa: shingo, mgongo, mikono. Banda likionekana baya, msimamizi arudi kwao akalime. Msimamizi ni mimi. Kwetu ni Narung'ombe, na jembe la huko nalijua. Fomu imetangulia, kila mbanguaji nimpe alama, moja hadi saba.

Jumanne, 5 Oktoba.
Nimejaza. Wote saba! Kina mama thelathini, hakuna aliyefeli. Hata yule anayeinama mpaka pua inagusa korosho. Teodosia, kiongozi wao, akaomba asome maelezo ya nyuma ya fomu. Nikamwambia ni siri ya ofisi. Akasema mgongo wake unawaka moto tangu Julai. Nikamsihi avumilie mpaka Ijumaa. Maelezo yenyewe hata mimi sijayasoma. Maandishi madogo mno.

Jumatano, 6 Oktoba.
Mazoezi ya kunyooka. Kila mama kaja na mwiko wa ugali, nikaamuru waufunge mgongoni kwa kanga. Teodosia akauliza mwiko wake ananyonya saa ngapi. Banda zima kicheko. Nusu ya korosho zimevunjika, maana hakuna aliyeweza kuinama azione. Mzee Awadhi akaja, akatazama ndoo, akaondoka nayo. Afadhali angenitukana. Naogopa.

Alhamisi, 7 Oktoba.
Mtaalamu kafika, dada mmoja anaitwa Jenifa. Kafungua fomu, uso ukambadilika. Kumbe saba si ya kufaulu! Moja ndiyo salama. Saba maana yake mtu anaumia, kazi isimame mara moja. Akasimamisha kazi palepale. Mzee Awadhi akauliza nani kajaza. Kidole changu, chenyewe, kikamwelekea Teodosia.

Jenifa akamshika mkono. "Mama, mabanda yote niliyopita wamenidanganya. Wewe peke yako umeandika ukweli."

Teodosia akanitupia jicho. Halafu akamwambia Jenifa asante.

Ijumaa, 8 Oktoba.
Banda limefunguliwa kwa masharti: kupumzika kila saa, na msimamizi awe Teodosia. Mimi nimepewa kigoda na nyundo ya kubangulia. Majivu mikononi ya kukinga mafuta ya maganda, kiuno hakinyooki. Jioni Teodosia kapita na fomu mpya, kaniandikia sita. Sita! Huko si ndiko kufukuzwa? Alipokwenda kunywa chai nikafuta, nikaandika moja.

Jumatatu, 11 Oktoba.
Naandika nimelala kifudifudi. Viti vya kuegemea vimefika, kumi tu. Wamepewa wenye alama kubwa. Nikalalamika.

Teodosia akafungua fomu. "Kaka Mikidadi, wewe ndiye mwenye mgongo mzima kuliko sisi wote. Kesho utapakia magunia."

Magunia! Nitakufa kabla ya adhuhuri. Nimewaza mpaka kichwa kikauma, na kosa langu nimeliona: namba ilikuwa ndogo mno. Kesho nitawahi kabla hajafika, niandike tisa.