Malalamiko juu ya Mashine Inayokataza Moteri Kuungua

Bwana Mkurugenzi wa kampuni yetu ya umeme, Butembo,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni Phinées, mwenyekiti wa chama cha mabobineur wa mtaa, yaani sisi tunaozungushia waya mpya moteri zilizoungua. Nakuandikia kwa heshima yote, pamoja na hasira iliyobaki.

1. Mmeweka pale poste, kituo chenu cha kugawia umeme, mashine ambayo hatukuiomba. Nimeelezwa kwamba ndani yake mna waya uliolazwa katika baridi inayoshinda theluji ya Ruwenzori, na kwamba umeme unapita humo bila kizuizi hata kidogo. Lakini court-circuit ikitokea, yaani waya zikigusana, umeme ukaja kwa fujo, waya huo unapoteza upole papo hapo, unaubana, kisha unarudia usingizi wake. Bwana Mkurugenzi, zamani waya mbili zikigusana Jumanne sokoni, Jumatano moteri za vinu vya mihogo zilijaa mpaka mlangoni pangu. Kufa kufaana, walisema wahenga. Sasa vinu vinasaga tu. Mke wangu Orpa ananiuliza kila asubuhi: "Moteri ya batu hapana kuungua tena, sasa tutakula nini?" Mimi ni Mkristo, siwezi kuomba ziungue. Naomba tu wewe usizizuie.

2. Mashine hiyo inadharau ufundi wa nyumbani. Kwetu fusible, ile fyuzi ya kukata umeme ukizidi, ikikatika hatusumbui mtu: tunaweka msumari mahali pake, na msumari haukatiki hata nyumba igeuke majivu. Nimewawekea majirani wengi, akiwemo Sadrack, fundi wa kuchomelea milango. Hakuna aliyerudi kulalamika.

3. Inawavunjia wakubwa heshima. Siku za kawaida ni kama haipo, haizuii kitu, haidai kitu; hatari ikija ndipo inafanya kazi. Wakubwa wetu nao siku za kawaida ni kama hawapo, na hatari ikija hawapo kabisa. Jamaa zangu wa Mbau, ambako watu wanavamiwa njiani, wameanza kuuliza kama hakuna ya namna hiyo ya kuweka barabarani kwao. Mkiendelea hivi, watu watataka kuipigia kura.

4. Binti yangu Christa amejifungua kabla ya wakati. Mtoto yuko katika couveuse, lile sanduku la joto la umeme pale maternité, nyumba ya kujifungulia. Babu mwenye adabu anafika na kuku. Mimi, bila pesa ya kuku, nimefika na koleo mfukoni nikitafuta kama kuna moteri iliyoungua, nikasema nimepita tu. Aibu hiyo ni yenu.

Kwa hiyo chama kinaomba mashine itolewe. Ikishindikana, ipumzishwe kila Jumanne, siku ya soko. Hata Mungu alipumzika.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, heshima zangu za juu. Umsalimie mama wa nyumbani, sekretari wako, mlinzi wa poste, na wale vijana wanaopanda nguzo mvuani.

Phinées, mwenyekiti.

N.B. Nimekwisha kupiga muhuri, kumbe Sadrack amegusanisha waya zake mbili. Msumari wangu, kama nilivyojisifu, haukukatika. Yeye na maternité wako kwenye line moja. Nimekimbia na kandambili moja mguuni, nikimwomba Mungu asahau yote niliyoandika hapo juu. Nimekuta wauguzi wakisema taa zilififia kidogo, zikarudi. Couveuse inanguruma. Mjukuu wangu Bénite amelala, ngumi yake shavuni, ndogo kama punje ya maharagwe. Nimelia mbele ya watu, mimi mwenyekiti.

Mashine hiyo mtu asiiguse, hata Jumanne. Misumari nimeanza kuing'oa, nikianzia kwa Sadrack. Barua naituma kwa sababu muhuri wa chama haufutiki. Tafadhali uisome kuanzia N.B.