Ombi la Kusajili Kijiji cha Mtu Mmoja na Pikipiki Yake

Kijiji cha Ujamaa Kwembeu,
kwa mkono wa mwalimu wa kanisa,
12 Septemba, 1972.

Ndugu Katibu Tarafa,

YAH: PIKIPIKI AMBAYO NI YANGU, KUFANYIWA MSARAGAMBO

Shikamoo ya kiofisi. Kama itaonekana baadaye kwamba umri wangu umekuzidi, utanirudishia.

Mimi ni Fanueli Sheshe, na kama hunijui basi wewe ni mgeni milimani huku. Nimesoma hadi darasa la nne, na la tano nililisikiliza nikiwa nje ya dirisha, ila hesabu za desimali sikuzipata kwa sababu ya upepo. Nimefanya kazi na wapima ardhi, nimeona Mombasa, nimeona Nairobi kwa mbali, na Dar es Salaam nimefika mara mbili na nusu. Hiyo nusu basi liliharibika Chalinze. Haya siyasemi kwa majivuno. Nataka tu ujue kwamba anayelalamika hapa ni mtu aliyetembea, si wa kulialia.

Nina pikipiki. Ni ya Kiingereza, injini ya mia tatu na hamsini, na niliachiwa na mpima ardhi mmoja Mzungu alipokuwa anarudi kwao, kwa kuwa nilimvusha Mto Umba mgongoni akiwa na homa na darubini yake. Hapa kijijini wanaiita tukutuku. Nimeshawaambia hilo si jina la heshima, wamekataa.

Mwezi uliopita ulikuja waraka, nao uliandikwa vizuri sana, hongera, ukisema kila kijiji kitunze vyombo vyake vya usafiri. Mwenyekiti wetu, Mzee Rubeni, aliusoma mara tatu. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kijiji hakina chombo chochote ila punda wake, na huyo alikufa mwaka wa Azimio, kwa sababu zisizohusiana. Ikabaki pikipiki yangu.

Sitakuficha jambo. Walipokuja wageni wa mkoani na kuuliza kama kijiji kina usafiri, ni mimi niliyesimama nikasema, “Usafiri tunao, uko pale nyuma ya kanisa, na ni wa wote!” Nikapigiwa makofi mpaka kofia ikanivuka. Lakini ile ilikuwa hotuba, Ndugu Katibu Tarafa. Hotuba si hati. Kama kila mtu angeshikwa kwa aliyoyasema jukwaani, nani angebaki na kitanda chake?

Sasa nieleze kwa nini shauri hili ni la haraka. Kuna binti anaitwa Jenoveva, anapima majani ya chai kwenye shamba moja karibu na Amani. Tulifahamiana nilipokuwa na wapima ardhi, na kwa miaka miwili nimemwandikia kwamba naja. Mwezi wa nane akanijibu hivi, nanukuu: “Fanueli, maneno yako yanafika kila mara, wewe hufiki. Jumamosi tarehe 16 Septemba baba atakuwa nyumbani. Ukija, sema naye. Usipokuja, kuna mwalimu wa Muheza ana baiskeli na haandiki barua.” Unaona hatari hiyo. Mtu wa baiskeli!

Nikapanga safari kitaalamu. Ijumaa alfajiri: Lushoto, Soni, Mombo, kujaza petroli, Korogwe, kulala kwa Zahoro, fundi wa magari ambaye tuliharibu naye magari mengi. Jumamosi: Muheza, kujaza tena, kuangalia upepo wa magurudumu, kisha kupanda milima ya Amani polepole kwa gia ya pili, nifike saa nane mchana nikiwa peke yangu, nimevaa miwani ya upepo, vumbi likiwa nyuma yangu na si juu yangu. Plagi za akiba mbili, viraka vya mpira sita, pampu, cheni ya zamani. Safari hiyo nimeiota hata mchana. Imeharibiwa na wananchi kama ifuatavyo.

1. Jumamosi tarehe 2 ilikuwa siku ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja. Tulikuwa tuzibe mashimo ya barabara. Mimi sikuwapo, nilikwenda Lushoto kwa miguu kutafuta plagi, jambo ambalo ni maendeleo pia. Baragumu likapigwa, watu arobaini na watatu wakatoka na majembe, na Mzee Rubeni akawasomea waraka. Wakaacha mashimo, wakaja kwangu.

Waliiosha kwa majivu. Wakaisugua kwa majani ya msasa mpaka rangi nyeusi ya Waingereza ikaisha yote, na sasa inang’aa kama sufuria ya arusi. Cheni wakaichemsha. Walichanganya na nini sijui, maana mpaka leo inanukia kitunguu. Kisha wakaipaka mafuta ya nyonyo. Tangi walilifungua, wakamwaga petroli yangu kwenye debe, wakalisuuza kwa maji ya moto, wakaliweka juani, halafu akina mama wakataka walifukize moshi ndani kama kibuyu cha maziwa. Mungu ni mkubwa, kiberiti kilikuwa kimelowa. La sivyo ungekuwa unasoma barua hii kutoka kwa kijiji kingine.

Na kilichoniudhi kuliko vyote: inawaka kwa teke la kwanza. Miezi mitatu ilikuwa inakohoa, nami mtaalamu nimefungua kabureta mara kumi na moja. Wao hawajui kabureta ni nini, waliiosha tu kama masikio ya mtoto. Mtu utaweka wapi uso wako?

2. Mika, fundi wetu wa kufua majembe, alipima kiti akasema ni cha mchoyo. Akakitoa. Mahali pake ameweka benchi la mti wa mkulo, la kukalia mimi na watu wawili wenye afya, na pembeni kafunga matenga mawili ya kuchukulia kabichi. Nilipomwambia kwamba pikipiki ya masafa haibebi kabichi, akanijibu kwa heshima ya kwetu, “Mgosi, huko unakokwenda hawali?” Sasa imekuwa pana kama ng’ombe mwenye mimba. Jana nilipita kati ya nyumba mbili nikarudi na kamba ya nguo ya mke wa jirani, pamoja na nguo.

3. Huku kwetu anayelima shamba hula shambani. Wewe unaijua desturi hiyo. Basi watu arobaini na watatu waliotoka jasho juu ya pikipiki wanasema wana haki ya mavuno, na mavuno ya pikipiki ni safari. Ukaitishwa mkutano. Nilisimama mbele yao na ramani yangu ya wapima ardhi, nikaeleza njia yangu. Wakaipokea vizuri, kisha wakaanza kuiongeza. Mzee Rubeni ana binti, Secilia, anasoma Kifungilo, apelekewe maharage. Haya, Kifungilo ni karibu, nikakubali. Kufumba na kufumbua nikawa na vituo kumi na vinne, kimojawapo cha kumtazama mbuzi mgonjwa.

Shangazi yangu Bibi Esta akasema nipitie Rangwi, kwa dada yake ambaye hajamwona tangu kabla ya Uhuru. Nikamwambia kwa heshima zote, shangazi, Rangwi iko juu kule kaskazini, Amani iko chini huku mashariki. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaichukua ramani, akaigeuza juu chini, akaitazama, akasema, “Sasa iko njiani.” Mkutano ukapiga makofi, na katibu wa kijiji akaandika kwamba hoja imepita.

4. Hapo ndipo wakauliza Amani nakwenda kufanya nini. Nikasema, kuposa. Zikazuka kelele ambazo nadhani ofisini kwako zilisikika. “Unakwenda kujiposea mwenyewe?” alisema Mzee Rubeni. “Kama mtu anayenunua kiberiti?” Mwalimu Nathanaeli wa kanisa, mtu mpole ambaye hajawahi kuinua sauti hata kwenye wimbo, akasema hajaona jambo kama hilo hata kwa wapagani. Nikawaeleza kwamba dunia imebadilika, kwamba mtu aliyefika Mombasa anaweza kujieleza. Bibi Esta akaniambia nikae chini, nikakaa.

Wameniteulia washenga wanne: Mzee Rubeni, Mwalimu Nathanaeli, Mika na Bibi Esta. Piga hesabu nami, maana hapa desimali hazihitajiki. Benchi linachukua wawili na mimi. Washenga ni wanne. Kutoka hapa hadi Amani ni zaidi ya maili mia. Nipeleke wawili, nirudi, nipeleke wawili: ni maili mia tatu na ushee. Wa kwanza watakaa kwa wakwe siku mbili wakinisubiri, watakuwa wamekula wali wote, na Mika nikimwacha mahali siku mbili na maneno yake yale, nitakuta amejiposea yeye. Na tarehe 16 itakuwa imepita, na mwenye baiskeli amekwishaandikishwa kanisani.

5. Hili ndilo linaloniuma, nalo nimeliweka mwisho kwa kuwa sijui sheria gani inalihusu. Siwezi kukasirika. Mtu mmoja akikuchokoza unamkasirikia, mnanuniana wiki mbili, mnapatanishwa. Watu arobaini na watatu nitaanza na nani? Kila ninayemfuata nimgombeze ananiwahi, “Fanueli, inawaka vizuri?” Nami nasema, inawaka, asante. Nimesema asante arobaini na tatu. Je, katika hali hiyo mwananchi afanye nini?

Kwa hiyo, Ndugu Katibu Tarafa, baada ya kufikiri sana nimeona njia moja tu ya kisheria, nayo haipingani na siasa yetu hata kidogo. Pikipiki imetangazwa kuwa chombo cha kijiji. Sawa. Basi naomba mimi niwe kijiji.

Naomba unisajili Kijiji cha Ujamaa cha Fanueli, chenye mwanachama mmoja, mipaka yake ni mahali popote niliposimama. Uongozi umekamilika: Mwenyekiti ni mimi, Katibu ni mimi, Mweka Hazina ni mimi ila hana kazi. Mali ya pamoja ni pikipiki moja, nami naapa sitaitumia kinyonyaji, nitaipanda kwa zamu. Msaragambo utafanywa kila Jumamosi. Nitapiga baragumu, nitatoka, na nisipotoka nitajitoza faini bila kujionea haya. Mikutano itakuwa mifupi na hoja zitapita zote. Wageni wa mkoani wakija nitajipanga barabarani niwaimbie. Kijiji hiki hakitaomba zahanati wala bomba, kinaomba tu kiruhusiwe kuhama kwa muda, Ijumaa hii alfajiri, kikiwa kizima, kuelekea Amani. Kama taifa linataka vijiji vinavyosonga mbele, sijui kingine kitakachosonga kwa kasi ya maili arobaini kwa saa.

Ninaomba jibu kabla ya Alhamisi jioni.

Nisalimie mama watoto na watoto, nisalimie karani wako mwenye mashine ya chapa, na tarishi, na yule askari wa mlangoni aliyenikataza kuegesha, mwambie sina kinyongo. Bibi Esta anakusalimu pia, ingawa hajui ninachokiandika, ananiona tu nimekaa na kalamu.

Wako katika ujenzi wa taifa, na hivi karibuni mwenyekiti mwenzenu,

Fanueli Sheshe

NYONGEZA, Alhamisi tarehe 14. Karatasi ni ya mwisho kwa hiyo naendelea humu humu chini.

Barua yenyewe ilikuwa bado kwangu, kwa hiyo leo alfajiri sikungoja jibu. Niliyafungua matenga, nikaisukuma pikipiki mpaka ng’ambo ya daraja, nikaiwasha, nikaondoka peke yangu, siku moja kabla ya ratiba, na barua hii mfukoni niipitishie kwako. Ofisi ilikuwa bado imefungwa, nikapitiliza. Nilikwenda vizuri sana. Kona zile zote za kuteremka Soni nilizilalia kama nilivyoota.

Soni nikasimama karibu na maporomoko, nikaona nijizoeze. Nikatafuta jiwe kubwa, nikalivika koti langu, likawa baba mkwe. Nikasema, “Shikamoo, baba.” Nikangoja. Nikawaza yeye atanijibu nini, na najua atakachouliza, maana ndicho wazee wote huuliza kabla hata hujapewa kiti: “Umekuja na nani?”

Ndugu Katibu Tarafa, mimi nimewahi kubishana na nahodha wa meli Mombasa. Lakini jibu hilo nililijaribu kwa Kiswahili, nikajaribu kwa Kishambaa, nikajaribu na Kiingereza kidogo. Mtu hawezi kumwambia baba wa mwenzake, “Nimekuja na pikipiki.” Jiwe lilinitazama tu. Nikalivua koti, nikageuza pikipiki nikarudi.

Saa nne nilifika darajani nikamkuta Bibi Esta amekaa juu ya furushi lake, amevaa gauni la Pasaka. Hakuniuliza nilikotoka. Alisema, “Mgosi, umesahau watu,” akapanda benchi, akaniambia niende taratibu kwa sababu ya kuku. Kumbe ana kuku pia.

Mzee Rubeni na Mwalimu Nathanaeli wameondoka kwa basi mchana huu, watatungoja Muheza. Mika na Bibi Esta nawachukua mimi. Matenga nimeyarudisha mwenyewe, yamejaa. Rangwi tutakwenda tukirudi, na tukiwa na bibi arusi benchi litahitaji kuongezwa, Mika ameshalipima.

Kijiji changu naomba kisisajiliwe. Kilifanya mkutano wake wa kwanza pale Soni na mwanachama akajitoa.

Barua hii naituma jioni hii kwa mtu anayekuja huko, na kesho saa moja asubuhi tutapita mbele ya ofisi yako. Ukituona, tafadhali tupungie mkono, ila usituhesabu.

F. S.