Wingu Nililoliita Uchafu

Jumatatu, 3 Machi

Nimelipata! Saa nne asubuhi, picha ya kumi na saba kutoka darubini ya mlimani. Galaksi sita zilizokusanyika pamoja, mbali mno, na katikati yao ukungu mwekundu. Wingu la gesi ya ioni! Gesi iliyochomwa na miale mikali hadi atomi zake zikapoteza elektroni, sasa inawaka. Kubwa mara tatu kuliko galaksi yetu nzima. Miaka tisa nakagua picha kwenye meza ya karibu na choo, leo Mungu kanikumbuka.

Nimwambie Profesa? Thubutu! Profesa, anayesinzia vikaoni macho wazi kama samaki, atawaita wote, na jina langu litakuwa la kumi na nne kwenye ripoti, chini ya dereva. Halafu kuna Sindano. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna kinachompita. Miezi sita kazini, tayari kapewa meza ya dirishani. La! Nataka ripoti yangu peke yangu. Shemeji ana barabara yenye jina lake. Mimi nitakuwa na wingu.

Nimeandika kwa wino kwenye daftari la dosari za picha: "Uchafu kwenye kioo." Nikatia saini. Nani atachungulia uchafu?

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza ripoti. Kichwa kimetoka vizuri sana. Mengine bado.

Nimemnong'oneza mke wangu, baada ya kumwapisha. Akauliza lina ukubwa gani. Nikasema mwanga wenyewe hulivuka kwa miaka laki tatu. Akaendelea kukunja nguo, akauliza kitu cha ukubwa huo nakifichaje. Walimu wa hesabu kama yeye hawana ndoto.

Picha mbili mpya zimekuja. Wingu limo. Uchafu, uchafu. Saini mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Profesa kaona daftarini uchafu mara tatu, kampigia fundi wa vioo kule mlimani. Fundi kapanda, kafuta, kashuka. Picha ya leo: wingu lipo palepale, linameremeta kuliko juzi. Nikasema huo ni uchafu sugu. Fundi kapanda tena. Saa tisa akapiga simu, Profesa akaiweka spika, ofisi nzima ikasikia.

"Mwambieni huyo bwana nafuta vioo mwaka wa thelathini huu. Kioo changu mtu anaweza kujinyolea ndevu. Uchafu uko machoni mwake!"

Wote wakaangua kicheko. Isipokuwa Sindano. Yeye alikuwa anaandika. Sikupenda.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao cha saa tatu. Sindano akasimama. Akaeleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba uchafu wa kioo hukaa mahali pamoja katika kila picha, popote darubini inapoelekezwa. Huu wetu unahama pamoja na galaksi zake. Kwa hiyo uko angani. Kwa hiyo ni wingu. Profesa akaamka, akampa mkono, akasahau kuuachia.

Nikaruka. "Mimi ndiye niliyeliona kwanza!"

Profesa akafungua daftari la dosari. Saini tatu, zote zangu. Ya tatu nimeipigia mstari chini kwa mbwembwe.

Nikasema nina ushahidi wa maandishi. Nikakimbia mezani, nikaleta shajara hii, nikamfungulia Jumatatu. Akasoma kwa sauti. Akakiri kwamba, kweli, nililiona. Mimi nikatazama huku na huku kama bwana harusi.

Kisha akafika kwenye samaki.

Jumapili, 9 Machi

Liko gazetini. Picha ya wingu, picha ya Sindano, na mstari mmoja: msaidizi fulani alidhani ni uchafu. Mzee mkwe, ambaye tangu harusi hajaelewa nafanya kazi gani, kapiga simu kusema sasa kaelewa.

Mke wangu kanishauri nikaombe radhi. Kauliza pia kama ofisini kuna kanuni ya majina. Ipo: anayeona na kuarifu kwanza, huandikwa kwanza. Miaka tisa hakuna aliyeniambia! Imebandikwa ukutani juu ya meza yangu, lakini pale mimi hutundika koti.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeomba radhi. Profesa kaipokea huku akisoma kitu kingine. Nimehamishiwa stoo ya picha za zamani. Vumbi, makabati, kiti cha miguu mitatu na nusu. Nimekaa humo asubuhi nzima nikijichunguza, bila kujionea huruma, hadi nikajua hasa nilipokosea wiki iliyopita.

Saa tano, picha ya miaka arobaini nyuma. Kona ya chini, galaksi nne, na kati yao ukungu. Moyo ukaniruka!

Nimeandika: "Uchafu." Safari hii kwa penseli.