Wamalize Wimbo Wao Huko Handakini

Varkaus, Jumamosi, Februari

Kwa Bi Tellervo Ryhänen, Mwenyekiti wa Bodi ya Jengo

Ndugu Mwenyekiti,

Sasa hivi mwanangu Okko amevua kofia yake ya sufu, ameitupa kwenye theluji, na analililia tundu la hewa la handaki. Alikuwa amelala vizuri kwenye kigari chake uani, kama watoto wote wa hapa, baridi ya kawaida tu, mashavu mekundu. Amekatizwa usingizi. Ndiyo maana naandika nimempakata, na mwandiko huu utauvumilia.

Najua umeshaletewa malalamiko kuhusu wale wazee wa kundi la Routakello, wanaofanyia mazoezi ya muziki wao wa roki katika handaki letu la kujikinga na mabomu. Kuna jirani kabandika karatasi ngazini, bila jina, kwamba wanapiga kelele. Mimi nalalamika kinyume chake. Wazee hawa wananyamaza.

1. Wimbo wao mkubwa unajaza upande mzima wa santuri. Tangu majani yapukutike wanaupiga kila Jumamosi mchana, kwa sababu mwezi wa Mei wanarudi jukwaani kwenye ukumbi wa wafanyakazi, kundi lililokufa kabla mimi sijazaliwa. Kinanda kikianza tu, Okko analala. Lakini wakifika pale ambapo kinanda kinatakiwa kuziachia ngoma zibaki peke yake, basi, kimya. Si kinanda, si ngoma. Kisha nasikia vikombe vya kahawa. Okko anaamka.

2. Nimejaribu kumwekea ule wa santuri kwenye simu. Hataki. Anataka ule unaopanda kutoka chini ya ardhi na kutikisa magurudumu yake.

3. Nilishuka kuuliza, kwa adabu. Mzee Tarmo, wa kinanda, akasema, "Sijaacha mimi. Namngoja Veijo." Mzee Veijo, wa ngoma, alikuwa amekaa hapo hapo, angeweza kumshika mwenzake bega. "Nangoja nione kama kweli amemaliza," akasema. "Safari hii asije akasema nimemharakisha." Nikauliza kama wameshaambiana hivyo. Mzee Veijo akanitazama kama nimeingia kwenye bafu la mvuke, sauna, na viatu. "Aambiwe nini, binti? Si anajua."

Mume wangu Jere ndiye aliyenieleza asili yake. Siku ile wanarekodi, mzee Tarmo hakunyamaza pale penye zamu ya ngoma. Alipiga kinanda juu ya ngoma za mwenzake mpaka mwisho, na ikabaki hivyo kwenye santuri. Wapenzi wa santuri huko Japani wanapasifu mpaka leo, wanasema ni ubunifu. Mzee Veijo alifungasha ngoma zake akaenda nyumbani, na kundi likawa limekufa.

4. Nilitegemea sauna ingewalainisha. Jere alikaa nao zamu ya wanaume. Anasema maongezi yao yote, kata ya maji ikiwa juu ya mawe ya moto, yalikuwa haya: "Nimwage?" "Mwaga."

5. Sasa fikiria huo mwezi wa Mei. Watangojana pale pale mbele za watu, na sisi watu wa hapa tunavyojiheshimu, hakuna atakayekohoa. Ukumbi mzima utangoja nao mpaka taa zizimwe, watu wavae makoti waende zao. Vidole vya mzee Tarmo vimeanza kukakamaa, hakutakuwa na mara nyingine. Na Okko atakuwa mtoto aliyelelewa kwa nusu wimbo. Mtoto wa hivyo atamaliza shule kweli? Mimi mwenyewe sikufika mbali, ningependa yeye afike.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Handaki lilijengwa kulinda raia. Okko ni raia. Mlango ni wa chuma, na ufunguo unao wewe. Jumamosi ijayo naomba uwafungie humo mpaka wamalize wimbo. Kahawa na mikate ya iliki nitawashushia mwenyewe kupitia tundu la hewa. Wakizidi kungojana, bodi iajiri mtu wa kusimama katikati yao na kusema "sasa".

Nawasalimu wajumbe wote wa bodi, na yule anayetuzolea theluji, na jirani asiye na jina. Goti lako nalo lipate nafuu.

Ni mimi, mwenye matumaini,
Saila Ikäheimo (mama Okko), nyumba ya chini

N.B. Usiwafungie. Niliona si uungwana kuwasema watu kisogoni, nikampelekea mzee Veijo barua hii aisome kwanza. Akaisoma, akampa mzee Tarmo. "Kumbe ulikuwa unaningoja," akasema mzee Tarmo. "Ulidhani nimesinzia?" akajibu mwenzake. Wakaupiga wote mpaka mwisho, hata pale pa ngoma peke yake, vyombo vyangu vikacheza kabatini. Na Okko hakulala hata kidogo. Alikaa wima akipiga ukingo wa kigari. Basi hoja zangu zote tano zifute.

Ila sasa wametoka uani vichwa wazi na wanagombana, kwa sauti, sijawahi kuwasikia. "Kwenye santuri uliniingilia, Tarmo." "Ulichelewa, ndugu yangu." "Nimechelewa mimi? Wewe ndiye hukutoka, ungetoka lini, Krismasi?" Na Okko kalala fofofo katikati yao. Kwa hiyo mtu akilalamikia wazee wanaogombana uani, tafadhali bodi isiwanyamazishe, wawekewe na benchi. Naandika dirishani, na mzee Veijo ananiita nitoke upesi nikaamue nani kati yao ndiye aliyeko—