Vita Vyangu na Meno ya Binti

Jumatatu, 3 Machi
Binti anasaga meno tena. Kajilaza kochini mchana, krr, krr, utadhani mashine ya kukoboa mahindi. Akiwa macho, anatafuna kucha. Ana miaka kumi na minne, na mtihani uko mlangoni. Mama yake anataka apelekwe kwa daktari wa meno. Shemeji, kaka wa mke wangu, kaunga mkono. Huyo akiunga mkono, mimi napinga. Nimewaambia waniachie mimi.

Jumanne, 4 Machi
Shubiri! Nimempaka kwenye kucha akisinzia. Kaamka, kaonja, kajipangusa kwenye mto. Mto wangu! Nikaulalia mdomo wazi. Chai chungu, supu chungu, dunia nzima chungu. Shemeji kacheka mpaka kashika ukuta.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu mpya: kumshtua. Kasinzia, kasaga, nikapiga sufuria kwa mwiko. Binti karuka. Jirani kaja mbio na ndoo ya maji akidhani tunaungua. Binti kaniomba, kwa adabu zote, nimwache. Nimemjibu kwamba hii ni tiba.

Alhamisi, 6 Machi
Msiba! Gego limemeguka. Binti kalia. Mimi pia, kidogo, bafuni, bomba likiwa wazi. Nimesalimu amri.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji katupeleka kwa gari lake, kaingia na ndani bila kualikwa. Daktari ni mama mpole. Kaziba jino, kapima kinywa ili atengeneze kinga ya plastiki ya kuvaa wakati wa kulala. Kisha kaeleza kuwa wasiwasi huchangia sana.

“Nini kinakutia wasiwasi, mwanangu?”

Mtihani, nikajibu mimi. Daktari kanitazama. Kamgeukia tena binti.

Binti kainamisha kichwa. “Baba,” kasema. “Nikifumba macho tu, sijui atakuja na nini.”

Shemeji kapatwa na kikohozi. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Nyumbani nimemwomba binti radhi. Kaniegemea begani, kasinzia. Sikuthubutu hata kupiga chafya.

Jumapili, 16 Machi
Kinga imefika, anaivaa. Kucha zinaanza kuota. Daktari kasisitiza mtoto aachwe atulie. Naafiki kabisa! Nimemwandalia ratiba: saa kumi kutulia kochini, saa kumi na moja kutulia uani, na mimi pembeni na filimbi, nikimkumbusha akisahau kutulia. Shemeji atakoma.