Mwombaji Aliyepima Chuo

Chuo chetu kina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba milango yake iko wazi, tena wazi kabisa, kwa kila mwanafunzi anayetaka kuhamia kutoka chuo kingine.

Tangazo hilo niliandika mimi. Lilibandikwa langoni, kwenye kantini, na kwenye mlango wa ofisi yangu, ambao kwa sababu za kiusalama hufungwa.

Mimi ni Naibu Msajili (Uhamisho, Ulinganifu na Mambo Yanayofanana na Hayo). Nimekiongoza kitengo hiki kwa miaka kumi na moja, na katika muda wote huo hajahamia mtu hata mmoja, jambo linaloonyesha jinsi tunavyofanya kazi kwa umakini. Maombi yalikuja, tukayapokea, tukayapa namba, na wenyewe wakachoka. Makamu Mkuu wa Chuo aliwahi kusema hadharani kwamba kitengo changu ndicho pekee ambacho hakijawahi kulalamikiwa na mwanafunzi aliyehamia.

Basi asubuhi moja akaingia binti mwembamba, viatu vina tope kavu, mkononi ana bahasha ya kaki iliyochoka kuliko yeye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Maulizo ni dirisha namba nne."

"Nimetoka huko. Wamesema nije hapa."

"Hapa unakuja ukishapita namba tisa."

"Namba tisa wamesema hapa ndipo pa kuanzia."

Nikaona nimekutana na mtu msumbufu.

Alikuwa amesoma upimaji ardhi miaka miwili katika chuo cha mji wa jirani. Kisha mhadhiri wa mwisho wa idara yao akastaafu, chumba cha vifaa kikageuzwa stoo ya viti, na idara ikafungwa kwa barua ya mistari mitatu. Wenzake wengine walirudi nyumbani, wengine wakaoa, mmoja akajifunza kunyoa. Huyu akapanda basi akaja kwetu. Alikuwa amefikia kwa shangazi yake, analala sebuleni kati ya kochi na friji.

Nilimweleza kwamba kwa mujibu wa kanuni zetu, masomo huisha nguvu baada ya miezi kumi na minane, kama dawa. Yake yalikuwa yamebakiza miezi minne. Baada ya hapo angehesabiwa kuwa mtu ambaye hajawahi kusoma.

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Rahisi. Lete barua ya kuachiliwa na chuo chako. Hatumpokei mtu ambaye hajaachiliwa."

"Nilishaiomba. Wamesema hawamwachilii mtu ambaye hajapokelewa."

"Vizuri sana. Huo utaratibu unazuia mwanafunzi asibaki hewani."

Akanitazama. "Mzee, sasa mimi niko wapi?"

Nikamwambia swali hilo si la dirisha langu.

Hapo ndipo alipojiingiza katibu muhtasi wangu, mama aliyebakiza miaka miwili astaafu na ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo. "Bosi, si mpigiane simu? Wewe na mwenzako wa kule msaini kwa pamoja, mtoto wa watu aende zake."

Nilipinga kwa wiki tatu. Binti alikuja kila siku kukaa kwenye benchi la korido, asubuhi hadi tunafunga. Watu wakaanza kudhani ni mfanyakazi mpya, na siku moja mkaguzi wa ndani akamwomba taarifa ya robo mwaka. Nikaona bora tusaini.

Katibu muhtasi akapiga simu, akaiweka sauti ya juu katikati ya meza.

"Waheshimiwa, nitahesabu. Nikifika tatu, wote mnasaini."

"Tatu yenyewe, au baada ya tatu?" ikauliza simu.

Nilimheshimu mtu yule papo hapo.

"Tatu yenyewe. Moja, mbili, tatu!"

Kalamu yangu ilibaki hewani.

"Umesaini?" nikauliza.

"Nilikuwa nakusikilizia wewe."

"Na mimi nilikuwa nakusikilizia wewe."

Tulihesabiwa mara nne. Mara ya tano katibu muhtasi alitamka tatu huku akiipiga meza kwa kiganja, nikashtuka, na kalamu ilipotua ilikuwa imeshaandika herufi ya kwanza ya jina langu. Mtu wa hadhi yangu haachi jina nusu. Kule upande wa pili nao tulisikia kikombe kikianguka, kisha muhuri.

Binti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza, nikaona haja ya kumtuliza.

"Usifurahi. Bado Kamati ya Ulinganifu."

Kamati hii ina wajumbe saba na mwenyekiti wake ni profesa wa falsafa. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba somo alilosoma mtu kwingine ni lile lile tunalofundisha sisi. Kikao cha kwanza kiligundua tatizo zito.

"Kule amesoma *Upimaji wa Ardhi*," alisema Mwenyekiti, miwani iko kwenye ncha ya pua. "Sisi tunafundisha *Upimaji Ardhi*. Naomba kujua: hiyo *wa* imekwenda wapi?"

Hakuna aliyejua. Tuliijadili *wa* kwa vikao vitatu. Mtaalamu wa lugha aliitwa, akazungumza saa mbili, akaondoka akiwa amekubaliana na pande zote. Mwishowe akaitwa mwombaji mwenyewe.

"Mlipokuwa mkipima," Mwenyekiti alimuuliza, "hiyo *wa* mliifanyia nini?"

"Tuliiandika tu kwenye daftari, profesa. Ukishafika shambani huioni."

Jibu hilo liliwakera wajumbe, kwa sababu lilieleweka.

Kikao cha nne alikuja na mama yake. Mama ni fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, na alikuja na utepe wa kupimia shingoni, nadhani alisahau kuuvua. Alisimama mbele ya wajumbe bila woga.

"Baba zangu, mimi nashona. Nikimpima mtu kiuno hapa, akapanda basi akashuka mji mwingine, kiuno ni kile kile."

Nilimweleza kwa upole kwamba viuno haviko chini ya Kamati.

"Haya." Akamgeukia binti yake, akamnyoosha ukosi wa shati uliokuwa umenyooka. "Kaka zake wote walikomea darasa la saba. Huyu ndiye aliyevuka. Sasa nikiulizwa, niseme ameshindwa na nini? Herufi mbili?"

Binti aligeukia dirishani, kope zinapigapiga. Nilidhani anapendezwa na bustani yetu.

Ubaridi fulani uliingia kwenye kikao. Wajumbe wakaanza kupanga upya kalamu zao. Yalibaki majuma matano masomo yake yaishe nguvu, na ilikuwa wazi kwamba tukimkatalia, yule mama angekuja tena.

Nakiri kwa fahari kwamba wazo lililofuata lilikuwa langu. "Mwenyekiti, tumpe Zoezi la Uthibitisho. Apime kitu. Kitu kisicho na madhara."

"Kama nini?"

"Kama eneo la chuo chetu. Mipaka yake inajulikana."

Likapita bila kupingwa. Ili pasiwe na ujanja, tukaandika na kusaini kabla hajaanza: vipimo vyake vikilingana na vya mpima wa halmashauri ya mji, Kamati itaridhika, na matokeo hayo yatakuwa ya mwisho na yatakifunga chuo. Maneno *yatakifunga chuo* niliyaongeza mimi, kwa ajili ya uzito.

Alipima siku nne. Aliazima darubini ya upimaji kwa mpima wa halmashauri, akaomba ramani ya kwanza ya kiwanja, ambayo katibu muhtasi aliikuta masijala ikiwa imefungiwa vikombe. Tulimwona akipita na fimbo zake nyekundu na nyeupe, akichuchumaa, akiandika, akifuta. Siku ya tatu alisimama muda mrefu mbele ya jengo la utawala, kwenye lile jiwe letu la msingi, ambalo kila mwaka hupakwa chokaa na Makamu Mkuu hupigwa picha kando yake.

Siku ya tano aliingia ofisini. Nilitarajia tambo, lakini hakuwa nazo.

"Mzee, nimerudia mara tatu. Nilitamani niwe nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Lile jiwe si la msingi. Ni alama ya mpaka. Chuo kinaishia pale. Jengo hili lote la utawala liko nje ya chuo."

"Nje wapi?"

"Kwenye uwanja wa shule ya msingi ya jirani."

Nikamweleza kwamba hilo haliwezekani, kwa kuwa mimi nimekaa humu miaka kumi na moja. Akasema samahani, mzee. Siku iliyofuata akaja mpima wa halmashauri na vifaa vyake. Vipimo vikapishana kwa sentimita mbili, na hizo mbili zilitusukuma zaidi kwa majirani.

Kamati ikakutana kwa dharura. Mjumbe mmoja alishauri jiwe lisogezwe. Mwingine alishauri binti afelishwe, lakini ikaonekana kwamba akifeli, basi na mpima wa halmashauri amefeli, na huyo si mwanafunzi wetu. Tena tulikuwa tumeshasaini. Kwa hiyo tukaridhika naye, kwa masikitiko.

Nilikuwa nimeshika kalamu nimpokee rasmi pale katibu muhtasi aliponiinamia sikioni.

"Bosi, Kanuni ya Saba."

Kanuni ya Saba inasema hakuna mtu atakayepokelewa chuoni isipokuwa kwa uamuzi uliofanyika ndani ya eneo la chuo. Niliitunga kuzuia wajumbe kufanya vikao hotelini. Nikaweka kalamu chini. Hatukuwa chuoni.

Basi tukabeba viti. Profesa wa falsafa alibeba chake kichwani. Tukalivuka lile jiwe, tukatafuta pa kukaa, tukapata nafasi kwenye majani nyuma ya bweni la wasichana, kati ya kamba mbili za nguo zilizofuliwa. Upepo ulikuwa unavuma. Mwenyekiti alifungua kikao akiwa anasukuma shuka lenye maua usoni. Wanafunzi wakatutolea vichwa madirishani, wakiulizana sisi ni kina nani.

Hicho kilikuwa kikao cha kwanza cha utawala kufanyika chuoni tangu chuo kianzishwe.

Nilisaini. Binti alipokea barua kwa mikono miwili, akaisoma yote, hadi chini kwenye muhuri. Kisha akamkimbilia mama yake, aliyekuwa amesimama kando ya kamba za nguo akikagua mshono wa sketi ya mtu. Walikumbatiana, mama akasema, "Nilijua," kisha akakaa chini kwenye majani ghafla, kama mtu aliyekuwa amesimama kwa miaka. Katibu muhtasi alilia waziwazi. Mimi nilikuwa na shuka usoni.

Siku hizi binti yuko mwaka wa tatu, na nasikia anaongoza darasa. Hilo ni suala dogo. Suala kubwa ni letu.

Shule ya msingi ina mwalimu mkuu mmoja mfupi, mikono ina chaki hadi kwenye viwiko. Watoto wake walikuwa wakisoma tisini darasa moja, wengine sakafuni, wakitazama jengo letu la ghorofa kupitia dirisha lisilo na kioo. Makamu Mkuu alimwendea na ujumbe wa watu sita na hotuba ya kurasa nne. Mwalimu aliisikiliza yote akiwa anasahihisha madaftari.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mwalimu."

"Ukumbi wenu wa Baraza utakuwa darasa la pili. Ofisi za chini, darasa la kwanza A mpaka C. Ninyi mnaweza kukaa vyumba vya juu hadi mpate pa kwenda. Ila hili ni eneo la shule, na anayekaa eneo la shule anafuata taratibu za shule."

"Taratibu zipi?" Makamu Mkuu aliuliza, kwa tabasamu la watu wakubwa.

"Mtaziona Jumatatu."

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi kengele ililia chini ya dirisha langu. Nilitoka kuona kuna nini, nikakuta mistari imeshapangwa uwanjani. Mkurugenzi wa Mipango alikuwa nyuma ya darasa la tatu, akiwa ndiye mrefu kuliko wote. Katibu muhtasi alishafika zamani, amesimama vizuri, anatabasamu. Nikaingia mstarini. Makamu Mkuu alikuja wa mwisho, dereva akiwa amemshikia mkoba, akaelekezwa kwa kidole pa kusimama.

Tuliimba. Kisha mwalimu mkuu akapita mstari kwa mstari akikagua kucha. Nilinyoosha mikono, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Nzuri, shusha." Sikumbuki lini nimesifiwa na mkubwa wangu kwa dhati namna ile.

Akafika kwa Makamu Mkuu. Aliutazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto, akatikisa kichwa.

"Kazikate," alimwambia. "Na kwa kuwa umechelewa, kesho uje na mzazi."