Mwongozo wa Kuguswa na Riwaya

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi shuleni. Miaka sita ya kustaafu imekwisha leo saa mbili asubuhi. Mwalimu mkuu anataka kipindi cha riwaya kila wiki, ili wanafunzi wa kidato cha pili wasome, kisha waandike walivyoguswa wao wenyewe, si kunakili muhtasari. Kipindi ni kimoja, tunaokitaka ni wawili: mimi na mkutubi wa shule, mwanamke mwenye miwani ya kamba ambaye nilimfundisha mimi alipokuwa na miaka kumi na minne. Darasa limegawanywa nusu kwa nusu. Ijumaa mwalimu mkuu atasoma madaftari ya pande zote mbili, achague mmoja wetu.

Lazima niwe mimi. Mke wangu kasema wazi kwamba nikikosa nitafute pengine pa kushinda, si jikoni kwake. Anadai wiki iliyopita nimemfundisha kuchemsha chai mara tatu, na yeye anachemsha chai tangu hatujaoana. Nikamweleza kwamba uzoefu ni kitu kimoja na utaratibu ni kingine. Akaondoka na birika.

Jumanne, 5 Machi

Nimechungulia maktaba. Mkutubi anauliza swali moja, halafu ananyamaza. Nilitazama saa. Dakika nne nzima, watoto wanaangalia dari. Huo si ualimu, ni kungoja basi.

Kundi langu haliangalii dari. Nieleze kidogo. Mtoto hawezi kuguswa kama hajui aguswe wapi. Kwa hiyo nimemwandalia Mwongozo wa Kuguswa, kurasa mbili, mwandiko safi. Riwaya yenyewe inahusu mama fundi cherehani anayemficha mwanawe kwamba baba yake yu hai. Ukurasa wa 18, wasiwasi. Ukurasa wa 40, hasira ya kiasi. Ukurasa wa 63, mama yu mahututi, anaaga cherehani yake: machozi. Namba zote nimezitoa kwenye kitabu changu mwenyewe, cha zamani, nilichokisoma mpaka jalada likabaki nyuzi. Wanafunzi ishirini, nakala ishirini.

Jumatano, 6 Machi

Mjukuu wangu yumo kundini mwangu. Mkaidi, kamrithi bibi yake. Kauliza kwa nini yule kijana wa riwayani hakumuuliza mama yake hata siku moja baba yuko wapi. Nikamwambia swali ni zuri, ila halimo kwenye Mwongozo. Akasema, Babu, mimi sikulia, mimi nilikasirika. Nikamwonyesha kwa upole kwamba hasira ni ukurasa wa 40, ameshaipita. Akataka kujua kama anaweza kurudi kuichukua. Nikamwambia anipe kwanza sababu. Akatoa. Nikaikataa. Akaleta ya pili, nayo nikaikataa, maana ilikuwa ni ile ile imebadilishwa shati. Ya tatu ilinipa shida kidogo. Tukabishana hadi kengele, wenzake kumi na tisa wakimalizia machozi yao kimya kimya.

Ijumaa, 8 Machi

Ofisini kwa mwalimu mkuu. Mimi, mkutubi, na rundo la madaftari.

Watoto kumi na tisa wamelia ukurasa wa 63. Mwalimu mkuu akafungua kitabu cha shule, ukurasa wa 63, akasoma kwa sauti. Mjomba mnene anatumbukia kwenye pipa la chokaa mbele ya wakwe zake. Mama fundi wakati huo ni mzima kabisa, anacheka mpaka anashika ukuta.

Nieleze kidogo. Vitabu vya shule ni chapa mpya, herufi kubwa, kurasa zimesogea. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeshtuka. Mmoja ameandika kwamba chokaa ile ilimkumbusha uchungu wa dunia. Huyo ana kipaji. Mkutubi alivua miwani akaifuta muda mrefu sana, mabega yakimtikisika.

Likaja daftari la ishirini, la mjukuu. Ameandika kwamba hakulia; alimkasirikia mama kwa kumwamulia mwanawe ukweli upi ataweza kuubeba, akamkasirikia na kijana kwa kuona raha ya kutouliza. Halafu ameandika kwamba hata yeye kuna jambo nyumbani anaogopa kuliuliza, kwa hiyo hasira imempungua. Mwalimu mkuu akafunga daftari taratibu. Akamwita mjukuu, akamuuliza nani kamfundisha kuandika hivi. Mimi tayari nilikuwa nimeanza kunyanyuka. Akajibu kwamba ni Babu, kila alichosema Babu alikikataa, ikabidi afikiri upya. Mwongozo hakuutumia.

Uamuzi: kipindi ni cha mkutubi. Mimi nitakuwa msaidizi wake, kazi yangu kubishana na watoto basi, na karatasi yoyote nisilete. Nyumbani mke wangu aliuliza jambo moja tu, kama msaidizi naye anatoka asubuhi. Nikasema ndiyo. Akaniletea chai.

Jumatatu, 11 Machi

Kipindi cha kwanza. Mkutubi akauliza swali lake, akanyamaza. Nami nikanyamaza, karibu nusu dakika.

Nimetafakari sana hizi siku mbili, na kosa langu nimeliona, wala sioni haya kulikiri. Nilitumia namba za kurasa. Na tena nilichagua machozi, wakati kumbe kinachompendeza mwalimu mkuu ni hasira. Sasa nimetunga Mwongozo wa Kukasirika: hasira kumi na mbili, zimepangwa kwa sura, chapa yoyote inafaa. Sharti sikulivunja. Karatasi sikuleta, nimeuandika ubaoni mkutubi alipokwenda kuchukua vitabu.

Mjukuu aliusoma wote, toka juu hadi chini. Akauliza kama inaruhusiwa kuukasirikia mwongozo wenyewe. Nikamwambia ruhusa anayo, ila asubiri zamu. Hiyo ni namba tisa.